Mashujaa Sita na Mahindi ya Mama

"Hiyo stoo ni ya nani?" Mama aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma ya kochi na trei ya chai mkononi.

"Ya Grisella," kitinda mimba akajibu bila kugeuka. "Ana nyumba ya wageni huko Easthaven. Mbawakawa wamevamia stoo yake ya chini, tumetumwa tuwaue."

"Mnaingia wangapi?"

"Sita."

"Na mapanga?"

"Mapanga, mishale, na mchawi mmoja."

Mama akaiweka trei mezani, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, akatazama jinsi watu wadogo sita wanavyoteremka ngazi kwa mpangilio, wenye deraya mbele, mchawi nyuma. Kisha, bila kupandisha sauti, akatuambia kwamba hata yeye ana stoo. Iko pale nyuma ya jikoni. Ina magunia ya mahindi ya Februari, na wadudu walio ndani yake huyo mama wa Easthaven hajawahi kuwaona hata ndotoni. Tangu tufike hajasikia mtu akiuliza panga liko wapi.

Ilikuwa Alhamisi kabla ya Pasaka. Tuliofika kutoka Nairobi tulikuwa bado na vumbi la safari, na tayari tulikuwa tumechomeka laptopu kwenye televisheni ya sebuleni.

Nitaitendea haki Icewind Dale kwanza kabla sijafika kwenye matope. Ilitoka mwaka 2000, kazi ya studio ya Black Isle ya Marekani, chini ya kampuni ya Interplay. Injini iliyoiendesha ni ile ya BioWare ya Kanada, iliyokuwa imeibeba Baldur's Gate mwaka 1998, na sheria zake ni za toleo la pili la Dungeons & Dragons, mchezo wa meza, karatasi na dadu uliozaliwa Marekani mwaka 1974. Baldur's Gate ilikuwa na maneno mengi: wenzako unawakuta njiani, kila mmoja na kisa chake, wanasutana, wanakususia. Icewind Dale iliyatupa karibu yote hayo. Unawaumba watu sita mwenyewe, unawapa majina, unawaingiza kwenye theluji, wanapigana. Leo goblini, kesho maiti zinazotembea, keshokutwa watu wenye miili ya mijusi, pango baada ya pango. Kuna waliosema tangu siku hizo kwamba mashujaa wake ni mabubu. Ni kweli, hawasemi lolote la maana. Lakini baada ya Pasaka hii naona kwamba nafasi ya maneno yao iliachwa wazi kwa ajili ya nyumba kama yetu, ambamo hakuna anayejua kunyamaza.

Mara ya kwanza gemu hiyo iliingia kwetu Kianjai, Meru, ndani ya mfuko wa nailoni. Baba alikuwa na miti ya miraa upande wa Muthara, na katika miaka ile ya neema alinunua kompyuta ya mtumba, ile yenye kisogo kikubwa, ili aandikie hesabu za mzigo. Hesabu hazikuandikwa sana. Mimi na ndugu yangu anayenifuata tulipata sidi iliyonakiliwa kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, na likizo nzima tukalala mchana na kupigana usiku. Tulifika hadi Dragon's Eye, mlima ulio na mapango ya hao mijusi, ndipo radi ya msimu wa vuli ikapita kwenye waya na kuichoma kompyuta pamoja na mashujaa wetu. Tarehe 24 Juni 2014 Uingereza ikaipiga miraa marufuku, na Baba akawa mkulima wa maharagwe kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha. Oktoba mwaka uleule kampuni ya Beamdog ya Kanada ikaitoa Icewind Dale upya, imepigwa msasa, hata ya kuchezea kwenye simu. Sisemi mambo haya mawili yana uhusiano. Nyumbani kwetu yanatajwa pamoja tu, moja kwa shangwe na jingine kwa mguno.

Je, imezeeka? Sura zake zimezeeka vizuri. Mandhari ilichorwa kama picha za ukutani, ikatazamwa kutoka juu kwa mshazari, na theluji yake bado ni theluji. Muziki wa Jeremy Soule ulimfanya hata Shosho, mama yake Baba, aulize hiyo ni kwaya ya wapi. Kilichozeeka ni hesabu, nayo ilitupatia burudani kuliko vita vyenyewe.

Kila sifa ya shujaa, nguvu, akili, wepesi na nyinginezo, hutolewa kwa dadu, kati ya 3 na 18. Dadu zikikukataa unarusha tena, na hakuna anayekuhesabia. Ndugu yangu, ambaye siku hizi ana buchari pale sokoni na hana subira na mteja anayechagua nyama, alianza kurusha dadu kabla ya chai ya saa kumi akaacha taarifa ya habari ikisomwa. Alipata nguvu 18 na asilimia 91 juu yake, maana mpiganaji anayefika 18 huongezewa asilimia. Aliipiga picha kwa simu akamtumia mtu.

Halafu kuna suala la namba zinazokwenda kinyumenyume. Ulinzi wa deraya ukiwa 10 wewe uko uchi, ukiwa 0 uko salama, ukiwa chini ya sifuri ndipo watu wanakuogopa. Uwezo wa kulenga nao hivyohivyo, ukipungua ndiyo umeongezeka. Nilijaribu kueleza nikatatanika. Mke wa ndugu yangu, shemeji yangu, mweka hazina wa chama cha akina mama pale sokoni, akasema: "Si ni kama deni? Likishuka unafurahi." Hakuna aliyeuliza tena. Kisha akachagua shujaa wake, mwizi, kwa kuwa mwizi ndiye anayeona mitego na kufungua makufuli. Mama, ambaye ni mwanachama wa chama hichohicho, aliacha kukoroga uji akatokeza kichwa mlangoni kumtazama.

Dada yetu akachukua upinde. Mimi nikajipa ngao na kazi ya kusimama mlangoni. Baba hakutaka uchawi wala wizi kwa kuwa ni mzee wa kanisa, akabaki na kasisi. Kasisi kwa sheria za mchezo haruhusiwi kushika kitu chenye makali. Anabeba rungu, nyundo au kombeo. Baba aliliona jambo hilo kuwa dharau. "Yaani wote mna visu, mimi ninaenda vitani na mwiko?"

Matata makubwa yalitoka kwa kitinda mimba. Yuko sekondari, anatumia mkono wa kushoto, na alikuwa amepata akili 18 kwa mchawi wake mara ya kwanza tu alipojaribu. Akamwita Mugwe.

Shosho alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, tukidhani amesinzia. "Futa," akasema.

Kwa asiyejua, Mugwe kwa Wameru ni kiongozi wa baraka, wala si mtu wa kupigana. Padri Bernardo Bernardi wa shirika la Consolata alimwandikia kitabu kizima mwaka 1959. Husimuliwa, hasa upande wa Imenti, kwamba mkono wa kushoto wa Mugwe haukuonyeshwa ovyo, kwa sababu ndani yake mlikuwa na baraka yenyewe. Na hapa tulikuwa na mtoto anayesogeza mausi kwa mkono wa kushoto, anamtuma Mugwe awarushie goblini moto.

"Shosho, ni gemu tu."

"Mugwe habebi moto. Anabariki. Na wewe unamshika kwa mkono huo huo! Futa."

Baba alijaribu kusuluhisha, akasema labda moto huo ni wa baraka. Shosho na Mama, mama mkwe na mkaza mwana ambao huwezi kuwapata upande mmoja hata kuhusu chumvi ya mboga, safari hii walikuwa upande mmoja. Na mchezo ule hauna huruma: jina likishaandikwa shujaa akaumbwa, kulibadilisha ni kumuumba mwingine. Kitinda mimba akafuta Mugwe wake mwenye akili 18, akarusha dadu upya, akapata 15, akamwita Fundi. Alikula ugali usiku ule bila kumtazama mtu.

Shosho naye akawa wetu. Labda alijisikia vibaya, sijui, ila kuanzia pale hakuondoka dirishani. Mzee wa Easthaven aitwaye Hrothgar alipoanza kututuma, mara kaangalieni pangoni, mara msafara umepotea, Shosho akacheka. "Huyu ni wale wa Nguo Ntune."

Ndugu yangu akabonyeza kitufe kile kirefu cha chini. Hicho ndicho kitufe bora kuliko vyote katika mchezo huu: vita vinasimama, unapanga kila mtu afanye nini, unaachilia. Goblini mmoja alibaki ameinua shoka hewani kwa muda wote Shosho aliposimulia.

Zamani, Wameru walikuwa kisiwani, Mbwaa, ambacho wengine hukiweka upande wa Lamu. Walikuwa chini ya watu waliovaa mavazi mekundu, Nguo Ntune, na watu hao wakawa wanawapa kazi zisizofanyika, ili wakishindwa waadhibiwe. Leteni mavi ya ng'ombe yaliyo meupe. Wakamlisha ndama maziwa matupu. Toeni tunda lililo ndani ya shimo bila kulishika wala kulichoma. Wakamwaga maji, likaelea lenyewe hadi juu. Leteni mbwa mwenye pembe. Wakachukua pembe za mnyama mdogo wakazigandisha kwa nta. Leteni ndara yenye manyoya juu na chini.

"Hapo sasa," Shosho akasema, "nyinyi na mchawi wenu mngefanyaje?"

Dada akasema angeshona ngozi mbili pamoja. Shosho akakataa, mshono utaonekana. Baba alijua jibu, akawa anahangaika kwenye kiti kwa hamu ya kulitoa, ila mama yake akamnyamazisha kwa kidole. Jibu ni ile ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe. Imeota manyoya pande zote mbili. Ukiikata, ndara tayari.

Ya mwisho ilikuwa mkuki unaofika mbinguni. Hiyo haikuwezekana. Ndipo wakatoroka usiku, wakavuka maji yaliyogawanyika mbele ya kiongozi wao, wakaja hadi huku. Baba alisema kwao walisimulia kwamba mavi yalipatikana kwa chokaa. Shosho akamuuliza kwao ni wapi, kama si kwake yeye. Kila mzee ana toleo lake, na ukitaka kuwasikia wote wakibishana nenda Nchiru, hapo jirani tu kwenye barabara ya Meru, kwenye makao ya baraza la wazee, Njuri Ncheke. Nchiru hiyohiyo ndipo ilipo Meru University of Science and Technology, iliyopata hati yake mwaka 2013, na kitinda mimba anasema akimaliza shule ataenda pale asome kompyuta, aitengeneze Mbwaa iwe gemu. Si ndoto ya ajabu. Wesley Kirinya, Mkenya, alitengeneza gemu ya Adventures of Nyangi katika miaka ya elfu mbili, wakati wengi wetu tulidhani gemu hutoka mbinguni kwa wazungu. Ya Mbwaa ningeinunua. Tena ingekuwa na kitu ambacho Icewind Dale haina: mafumbo ambayo upanga hauyatatui.

Ijumaa tulikwenda kanisani. Mchezo ule haukuruhusu kutoka eneo moja hadi jingine mpaka wote sita wawe wamekusanyika; ukijaribu, sauti inakukemea. Baba alikuwa ameipenda sana sauti hiyo. Alisimama kwenye lango akatukemea hivyohivyo, mmoja mmoja, hadi dada alipotoka na kiatu kimoja mkononi.

Jumamosi ikawa ya stoo. Mama alitupanga mwenyewe. Alikuwa ametazama kwa kutosha akajua jinsi ya kutupanga: mwenye nguvu mbele, mwenye macho ya mitego nyuma yake, na kadhalika. Tukafungua mlango. Ukiingiza mkono kwenye gunia lililoliwa unatoa unga badala ya punje. Mdudu mwenyewe ni dumuzi, mdogo, mweusi, mgongo umeinama. Wakulima wengine wa Kenya humwita Osama. Asili yake ni Amerika ya Kati. Alionekana Tanzania, upande wa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1983 akaingia Kenya kupitia Taveta. Alikuja na nafaka, hakutumwa na mfalme wa mapepo yeyote, na ameharibu stoo nyingi kuliko majitu yote ya Icewind Dale. Hasumbuliwi na gunia la katani wala la nailoni. Anatoboa hata mbao.

Dawa ya Mama ilikuwa kuyapepeta mahindi, kuyaanika upya, kisha kuyafunga kwenye magunia yale yasiyopitisha hewa, yenye karatasi mbili za plastiki ndani ya gunia la kawaida. Yalibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kwa ajili ya kunde, baadaye yakaonekana yanafaa mahindi pia. Ukifunga vizuri, mdudu anamaliza hewa iliyomo, anakufa bila dawa. Ila mahindi lazima yawe makavu kabisa. Mama hupima kwa chupa ya soda: anatia punje na chumvi kavu, anatikisa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado. Jambo hili hana mzaha nalo. Mwaka 2004 watu 125, hasa huko Makueni na Kitui, walikufa kwa sumu ya kuvu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa mabichi, na Mama ni mtu wa kukumbuka taarifa ya habari.

Hadi saa sita mchana turubai kubwa lilikuwa limetandazwa uani, mahindi juu yake, jua limekaza. Kazi imeisha. Mama akapanda bodaboda kwenda sokoni kununua magunia. Akatuachia agizo moja: kila baada ya muda tuyageuze, na tuangalie mawingu ya milima ya Nyambene.

"Stima ipo," Baba akasema, baada ya lango kufungwa. "Tungeingia kidogo tu."

Tulikuwa tumefika bonde la makaburi, Vale of Shadows, ndani ya kaburi la mbabe mmoja wa kale aitwaye Kresselack. Maadui humo ni mifupa mitupu. Na hapo ndipo ndugu yangu, mwenye nguvu 18 na asilimia 91, alipoanza kuaibika. Upanga wake ulipita kati ya mbavu kana kwamba hakuna kitu. Mishale ya dada vivyo hivyo. Sheria za mchezo zimefikiria hilo: mifupa haikatwi, huvunjwa. Kitu cha kuvunja alikuwa nacho mtu mmoja tu. Baba aliingia katikati na rungu lake lililodharauliwa, akapiga fuvu moja, likatawanyika, akapiga la pili. Akasimama kutoka kwenye kochi. Sijawahi kumwona Baba akisimama kwa ajili ya kitu cha televisheni isipokuwa matokeo ya uchaguzi.

"Mwiko!" akapaza sauti. "Si mlisema mwiko!"

Shosho alikuwa barazani. Tangu Alhamisi alikuwa akitupigia kelele za vita kupitia dirishani, mzungukeni, nyuma yako, mpige mkubwa, hata pale asipoiona skrini. Kwa hiyo alipopaza sauti "Inakuja! Inakuja kutoka juu!" hakuna aliyeshtuka. Kusema kweli, wakati uleule mifupa mingine ilikuwa inateremka ngazi za kaburi.

"Tumeiona, Mama!" Baba akajibu.

"Inakuja kwa nguvu!"

"Iache ije!"

Mvua ya Aprili kwetu haipigi hodi. Tulisikia mabati yakipigwa juu ya vichwa vyetu, na kwa sekunde moja hivi nadhani kuna aliyefikiri ni sauti ya mchezo. Kisha sote tukawa mlangoni kwa pamoja, sita, katika mlango wa mmoja.

Turubai lina pembe nne. Watu sita wakishika pembe nne bila kupangana, wawili wanashika mahali pasipofaa, na dada na kitinda mimba walishika katikati ya upande mmoja. Shemeji alikuwa anasema ngojeni, kusanyikeni kwanza, hesabu hadi tatu. Ndugu yangu hakungoja. Alivuta kwa asilimia zake zote 91. Turubai likalia, likapasuka kutoka katikati hadi pembeni, na mahindi ya Februari yakamwagika kwenye mfereji ambao Baba aliuchimba yeye mwenyewe ili maji yasiingie nyumbani. Mfereji ulifanya kazi yake vizuri. Uliyabeba mahindi kwa mwendo wa heshima hadi kwenye majani ya nepia. Kuku walikuwa hawajali mvua.

Tuliokoa yaliyobaki kwa beseni, sufuria, na koti la Baba la kanisani. Tulipokuwa tumeinama hivyo, bodaboda ikasimama langoni. Mama akashuka, magunia mapya yamekunjwa kifuani chini ya leso ili yasiloe. Akamlipa kijana. Akafungua mwavuli. Akatutazama tangu wa kwanza hadi wa sita.

Shosho ndiye aliyesema. "Mimi niliwaambia."

Sebule iligeuzwa uwanja wa kukaushia. Makochi yalisukumwa ukutani, meza ikatolewa, mahindi yakatandazwa sakafuni kutoka mlango wa jikoni hadi chini ya televisheni, na mengine juu ya dari ya jikoni, kwenye joto la meko. Kupita ilibidi uchague mahali pa kuweka kidole cha mguu. Ni baada ya hayo yote ndipo mtu akainua macho kwenye skrini. Hakuna aliyekuwa amebonyeza kile kitufe kirefu tulipokimbia. Vita viliendelea bila sisi.

Watano walikuwa wamekufa. Picha zao pembeni zimekuwa za kijivu, vitu vyao vimetapakaa kaburini. Baldur's Gate ingekwisha pale shujaa wako mkuu alipoanguka, lakini Icewind Dale haina mkuu. Maadamu mmoja anapumua, mnaendelea. Aliyekuwa anapumua ni Fundi. Kitinda mimba, kwa woga, alikuwa amemfanya asionekane kabla ya vita kuanza, na mifupa ilimpita bila kujua yupo.

Ndugu yangu akasema turudishe pale tulipohifadhi mwisho, tuanze upya.

"Na mahindi nayo tuyarudishe pale tulipohifadhi?" shemeji akauliza.

Hakuna aliyerudisha kitu. Fundi alipaswa kutoka peke yake, abebe anachoweza, atembee hadi kijiji cha Kuldahar, ambacho kiko chini ya mti mkubwa wa mwaloni unaokipa joto katikati ya theluji. Hapo kuna hekalu la Ilmater na kasisi wa kike, Mother Egenia, anayefufua wafu kwa dhahabu. Lakini nguvu za Fundi zilikuwa haba; deraya ya ndugu yangu ingemwangusha chini. Kukazuka mabishano ya nani achukuliwe kitu gani, watu wakinyoosheana vidole juu ya mahindi, mpaka kitinda mimba, ambaye tangu Alhamisi hakuwa amesikilizwa na mtu, akaamua mwenyewe: upanga wa ndugu yetu, na mfuko wa dhahabu. Rungu la Baba likabaki.

Baba hakupinga. Shida yake ilikuwa nyingine. Ilikuwa Jumamosi, na yeye mzee wa kanisa hakuwa tayari kuona mtu anafufuliwa kwa malipo sebuleni kwake, siku hiyo hasa, na mama mmoja wa dini asiyoijua.

"Si wewe unayefufuliwa," dada akasema.

"Kasisi ni wangu. Atangoja."

Kwa hiyo Fundi alisimama mlangoni mwa hekalu usiku kucha, laptopu ikiwa imezimwa, na Jumapili baada ya ibada, baada ya wali na kuku (kuku mmojawapo wa wale walioshiba mfereji), Baba akafuta mdomo na kusema sasa inaruhusiwa. Mama alikuwa amepiga magoti kati ya mahindi, chupa ya soda mkononi, anatikisa. Chumvi bado ilikuwa inashika.

Dhahabu ilitosha wanne. Shemeji, mweka hazina, hakubishana na mtu. Baada ya kufufuliwa kwake mwenyewe na watatu wengine, alimpeleka Fundi kwa Conlan mhunzi akauza upanga wa mume wake, akarudi na tofauti. Ndugu yangu alikuwa jikoni akitafuta maji ya kunywa. Alirudi akakuta mambo yamekwisha.

Kasisi wa Baba akainuka. Mchezo huu ukimfufua mtu humrudishia uhai wa pointi moja tu, na vitu vyake hubaki pale alipofia. Kwa hiyo mzee wetu alisimama mbele ya madhabahu bila ngao wala kofia, na vazi la ndani tu, katika nchi ya theluji.

Mama aliinua kichwa. "Huyo ni wa Baba yenu?"

"Ndiye."

"Mtu wa kanisa anasimama hivyo mbele za watu?" Akairudisha chupa sakafuni. "Rungu lake liko wapi?"

"Kule kaburini, Mama. Na nguo zake zote."

"Basi nendeni mkazilete. Lakini geuzeni mahindi kwanza. Wote sita."